Chafya Mlangoni

Mbegu zilikuwa ndani ya kibuyu, kibuyu ndani ya kikapu, na kikapu kilikuwa mgongoni kwa Bibi tangu jogoo wa kwanza, ingawa safari yenyewe ilikuwa ianze saa kumi na mbili asubuhi.

"Bibi, kishushe basi. Utachoka kabla hatujaondoka," Umav alimwambia.

"Nikikishusha nitakisahau. Nikikisahau nitawaonyesha nini hao walimu wako? Meno? Yamebaki manne, na moja linacheza."

Bibi naye aliitwa Umav. Msichana alipewa jina lake siku alipozaliwa, kama inavyompasa mjukuu wa kwanza wa kike, na tangu hapo wawili hawa waliitana wajina. Wajina huyu mkubwa alikuwa na miaka themanini na miwili na shamba la uwele mlimani. Wajina mdogo alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa nne wa kilimo katika chuo kikuu cha bondeni, na mafua aliyoyatoa bwenini.

Ilikuwa Alhamisi, na saa nne asubuhi kamati ya mtaala ingekaa kwa mara ya mwisho.

Kamati ile ilianza miaka miwili nyuma, chuo kilipotangaza kwamba sasa wanafunzi wa makabila ya wenyeji wa asili wataitwa mezani, nao waseme nini kifundishwe na kifundishwe vipi. Waliitwa watatu. Wa kwanza alimaliza masomo akaenda zake. Wa pili, Kacaw, kijana wa kabila la Waamis wa pwani, mwenye mdomo usiotulia, alijitoa baada ya kikao cha nne. Siku hiyo waliambiwa waje na mavazi ya kikabila kwa ajili ya picha.

"Mimi narudi kwenye mpira wa kikapu," Kacaw alimwambia Umav pale ngazini, fulana yake nyekundu ya shanga ikiwa mkononi. "We baki uwe ua la mezani. Ila ukinyauka usiniite nikumwagilie."

Umav, yule wa tatu, alibaki. Alibaki kwa sababu alikuwa na jambo moja alilolitaka, nalo aliliita Mwaka wa Uwele. Halikuwa somo la muhula. Lilikuwa somo la mwaka mzima, kuanzia kufyeka mpaka kuweka ghalani, na wanafunzi wangesomea mlimani, shambani kwa Bibi, Bibi mwenyewe akiwa mwalimu. Kanuni yake ya kwanza peke yake ilikula vikao vitano. Kanuni ilisema hivi: siku ya kazi huamuliwa na mwenye shamba. Akiota ndoto mbaya, hakuna atakayeshika jembe. Na mtu akipiga chafya mlangoni wakati wa kutoka, wote watarudi ndani, na siku hiyo hakuna kinachoanzwa.

"Sasa mahudhurio tutayaandikaje?" aliuliza Bwana Tseng, katibu. Na kabla hajajibiwa akaongeza, "Na mwanafunzi mvivu akinusa pilipili makusudi je?"

Wote walicheka. Umav naye alicheka, na kicheko kile kilimkaa tumboni wiki nzima kama chakula kilicholala.

Lakini katika kikao kilichofuata alisimama akasema, "Kurudi ndani nako ni kuhudhuria. Anayejifunza kurudi amejifunza." Mwenyekiti, Profesa Kuo, mwanamke mnene mpole mwenye miwani ya kamba, aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Andikeni hivyo hivyo alivyosema." Ikaandikwa. Umav alirudi bwenini akiruka ngazi mbili mbili.

Lilikuwa limebaki jambo moja tu. Bibi hakuwa na cheti. Shule aliyosoma ni ile ya enzi za utawala wa Wajapani, tena darasa moja na nusu. Taratibu za chuo zilisema asiye na cheti anaweza kufundisha, ila sharti afike mwenyewe mbele ya kamati, aulizwe, athibitishwe. Dakika kumi tu. Na ilikuwa lazima iwe Alhamisi hiyo, maana mradi wenyewe ulikuwa unafungwa pamoja na mwaka.

Nje, Baba Mdogo Salizan aliwasha kipikapu chake cha buluu. Alikuwa ameosha sakafu ya gari, akaweka mto kwenye kiti cha mbele.

"Mama, leo unaenda kuwa profesa!" alipaza sauti kupitia dirishani. "Ukirudi huko usije ukataka tukupikie supu kwa miadi!"

"Profesa mamako!" Bibi alijibu, kisha akakumbuka kwamba mama mwenyewe ni yeye, akacheka mpaka kikapu kikatikisika.

Alifunga kitambaa kichwani. Akaushika mwimo wa mlango. Akainua mguu wa kulia, akauvusha kizingiti.

Umav alikuwa nyuma yake. Aliisikia ikija tangu mbali, kwenye mzizi wa pua, ule mwasho wa kuchochea machozi. Alijibana pua. Aliuma ulimi. Alikaza macho kwenye kamba za kikapu akahesabu moja, mbili, tatu, na akadhani imepita.

Haikupita. Ilitoka kwa nguvu kiasi kwamba kuku walitawanyika.

Baba Mdogo Salizan alizima gari. Hakuna aliyemwambia azime. Alizima tu, akabaki ameshika usukani, akitazama mbele kama mtu aliyesimamishwa na treni.

Bibi alibaki na mguu mmoja nje na mmoja ndani. Kisha taratibu, kama mtu anayeutoa mguu kwenye tope, akaurudisha ule wa nje.

"Ni mafua, Bibi," Umav alisema haraka. "Mafua tu. Bweni zima linapiga chafya."

"Hao wa bwenini hawakuwa wanatoka mlangoni kwangu."

"Bibi, nakuomba. Ni leo tu. Kesho hakuna kamati. Kesho hakuna kitu."

Bibi alishusha kikapu, akakaa kwenye kigoda, akalifungua lile fundo la kitambaa alilolifunga sasa hivi.

"Wajina, ile kanuni waliandikiwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulipoandika, uliweka kwamba isipokuwa Alhamisi?"

Umav alijifuta pua kwa kiganja.

"Basi."

"Lakini wewe mwenyewe kila Jumapili uko kanisani, Bibi! Mchungaji alishasema haya mambo ya chafya ni ya zamani."

"Mchungaji nimemlea mimi. Mwulize mwaka jana walipotaka kwenda kuchimba msingi wa ukumbi, mkewe akapiga chafya, walikunywa chai mpaka saa ngapi." Akajisugua goti. "Sikiliza. Mimi sikwambii kwamba tukienda gari litaanguka. Sijui. Labda tungefika salama, tukarudi salama, na Salizan akapitia popoo zake za kutafuna njiani. Ninachojua ni kwamba mama yangu alirudi, na mama yake alirudi, hata siku walizokuwa na njaa. Sasa mimi niruke chafya niende nikawaambie watoto wa watu kwamba chafya hairukwi? Nitakuwa nawafundisha nini?"

Umav alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama karibu na banda la kuku, ndipo simu inaposhika vizuri. Ilikuwa saa kumi na mbili u nusu. Profesa Kuo alipokea mara moja, nyuma yake kukiwa na mlio wa mashine ya kuchapa na sauti za watu. Walikuwa wamewahi kupanga makaratasi.

"Umav! Mmeshashika njia, mwanangu? Nimewaambia wamwekee bibi kiti chenye mgongo."

Umav alifungua mdomo aseme. Neno lilikuwa dogo tu, chafya. Alilijua kwa Kichina, alilijua kwa Kibunun, lugha ya kwao, alikuwa amelitetea kwa miaka miwili. Ndipo akamsikia Bwana Tseng akicheka kule nyuma. Alikuwa anacheka mambo yake, pengine kikombe kimemwagika, pengine mtu kamtania. Lakini Umav alikisikia kile kicheko cha pilipili, kizimakizima, na uso ukamwaka moto.

"Profesa," alisema, "Bibi anaumwa."

"Maskini! Anaumwa nini?"

"Kifua."

"Loo, na baridi hii. Msimtoe kabisa. Usiwe na wasiwasi, sisi tutaangalia la kufanya."

Umav alishukuru, akakata simu, na kwa muda kidogo akajiona mwerevu. Mgonjwa huhurumiwa. Wangeahirisha. Wangepata namna, hata kwa barua, hata Jumamosi. Alijirudia hivyo mpaka likaanza kufanana na kweli.

Siku ilikwenda polepole. Kwa kuwa hakuna cha kuanza, walifanya mambo yaliyokwisha kuanzwa: walimenya mbaazi za jana, wakachochea supu ya mbavu za nguruwe iliyokuwa jikoni, Salizan akamalizia kushona wavu wa kuku. Bibi alikuwa anamtazama mjukuu wake kwa jicho la pembeni.

"Kitendawili," akasema.

"Sitaki, Bibi."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Mgeni wangu aliyaacha masikio yake juu ya meza, yeye akaenda chooni, nayo yakaendelea kusikiliza."

Salizan aliinua kichwa. "Sungura?"

"Sungura gani anaenda chooni? We Salizan, ukizeeka itakuwaje?"

"Tumeshindwa, Bibi."

"Nipeni mji."

"Chukua wa Salizan, mwenyewe hautumii."

Bibi alipiga makofi. "Kile kidude cha kunasa sauti cha yule Profesa wako! Si alikuja hapa siku nne? Mimi nikasema, mama huyu anaondoka, nami nitamwambia nani habari? Akasema endelea tu Bibi, kinakusikia. Basi nikakieleza kuhusu kufyeka, kupanda, mpaka ndege. Hakikuitikia hata mara moja. Hakikuguna. Mtoto asiyeguna namna ile ningempeleka zahanati."

Umav alicheka, hakutaka lakini alicheka, na hapo ndipo simu ilipolia. Ilikuwa saa nane.

Aliichukua akaenda bandani. Profesa Kuo alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kufaulu mtihani.

"Umav, tumepata njia! Nilipowaambia kuhusu bibi, wote waliguswa. Wote, hata Tseng. Tukasema si haki kumbebesha mwaka mzima wa wanafunzi mama wa miaka themanini na ushee, tena mwenye kifua. Angeanguka huko mlimani tungejisamehe vipi? Kwa hiyo tumeliokoa somo lako. Litaingia ndani ya somo la Jamii na Mazingira, wiki ya sita na ya saba. Dokta Pan, mwenye somo hilo, atalifundisha kwa zile sauti tulizorekodi, tuna saa nne nzima, safi kabisa. Jina la bibi litawekwa kwa heshima, na lako litawekwa kama la mshiriki mwanafunzi. Limepita bila hata mkono mmoja kupinga."

Umav aliegemea nguzo ya banda. "Na shamba?"

"Shamba halitahitajika tena. Ndiyo nafuu yake."

"Na kanuni ya kwanza?"

"Sasa ile, si unaona, darasani haina kazi. Tumeiondoa. Kilichobaki ni saini yako tu. Taratibu zinataka mwakilishi wa wenyeji wa asili akubali, bila hivyo hata hizo wiki mbili hazipiti. Nimekutumia fomu. Kabla ya saa kumi na moja jioni, mwanangu."

Kuku mmoja alipita miguuni pake akidonoa. Umav alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Profesa, Bibi haumwi."

"Unasemaje?"

"Bibi haumwi. Ni mzima. Yuko ndani anamenya mbaazi. Mimi ndiye niliyepiga chafya mlangoni, yeye akarudi ndani."

Umav aliitazama simu aone kama imekatika.

"Saa ngapi?" Profesa aliuliza.

"Kabla sijakupigia."

"Kwa nini hukuniambia, Umav?" Sauti haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kanuni yenu ilikuwa mbele yetu pale mezani. Imechapishwa, kila mtu ana nakala. Ningewasomea. Ningewaambia, haya, siku ya kwanza ya somo imekwisha kuanza, mwalimu anafundisha. Tseng angefanya nini? Yeye mwenyewe ndiye katibu aliyeyaandika."

"Nilidhani mtacheka."

"Labda wangecheka. Halafu wangesoma."

"Waambie sasa, Profesa. Tafadhali."

"Niwaambie nini? Kikao kimefungwa, watu wametawanyika, muhtasari umepelekwa. Nikisema sasa, nitasema kwamba mwanafunzi wetu aliidanganya kamati, na watauliza ni lipi jingine katika makaratasi yale si la kweli. Zitaondoka hata hizo wiki mbili." Alipumua. "Na ukweli ni kwamba, kama wewe mwenyewe hukuiamini kanuni ile siku ilipokufikia, sijui mimi ningeitetea kwa mdomo gani. Tia saini, mwanangu. Ndicho kilichobaki."

Umav alipogeuka alimkuta Bibi amesimama nyuma yake na ungo wa maganda ya mbaazi, amekuja kuwamwagia kuku. Kichina cha Bibi ni cha sokoni na cha zahanati, hakizidi hapo. Lakini zahanati neno la kuumwa linasemwa sana.

"Nani anaumwa?" aliuliza.

Umav alimweleza yote. Hakuacha kitu, hata kicheko cha Bwana Tseng. Bibi alisikiliza huku akiguna pale panapostahili kugunwa. Umav alipomaliza, Bibi aliwamwagia kuku yale maganda, akaukung'uta ungo.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa."

"Bibi..."

"Tangu nizaliwe sijalala kitandani mchana. Hata nilipomzaa baba yako, jioni yake nilikuwa natwanga." Hakupaza sauti. "Uliona aibu."

"Ndiyo, Bibi."

"Uliionea aibu chafya, au mimi?"

Umav alitaka kusema chafya. Alitaka sana kusema chafya. Lakini siku hiyo alikuwa ameshasema uongo mmoja na aliona ulivyomfikisha, basi akanyamaza, na kunyamaza kwake Bibi akakuelewa.

Wakakaa kwenye gogo, bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na gogo la pili. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea ukingo wa mlima wa pili, ambako shamba lilikuwa limefyekwa tayari, eneo kubwa kuliko miaka yote, maana Bibi alihesabu wanafunzi kumi na wawili wa kupanda naye.

"Wamekupa wiki ngapi?" Bibi aliuliza.

"Mbili."

"Wewe si umesomea kilimo? Uwele wa wiki mbili una urefu gani?"

Umav alionyesha kwa kidole, kutoka ukucha mpaka pingili ya pili.

"Na majani ya porini yanayoota pamoja nao?"

"Vivyo hivyo."

"Unaweza kuvitambua, hiki uwele, hiki gugu?"

"Siwezi, Bibi."

"Hata mimi siwezi. Kwa wiki mbili hakuna anayeweza. Mtu akiingia shambani wakati huo anang'oa chochote, na anajiona amefanya kazi."

Akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani. Umav alimsikia akimwambia Salizan kwamba mwezi ujao watapanda kipande kidogo tu, cha kula wao, na kwamba huko kwingine kuachwe majani yarudi.

Saa kumi na robo Umav alifungua ile fomu kwenye simu. Ilikuwa imejazwa vizuri, haina kosa hata moja. Jina la somo, namba ya somo, wiki ya sita na ya saba, mhadhiri Dokta Pan. Jina la Bibi lilikuwa katikati kwa herufi nene, na mbele yake mtu alikuwa ameandika kwa adabu: hali ya afya hairuhusu kufundisha.

Aliusogeza ukurasa chini. Alifikiria kuifunga, ziondoke na hizo wiki mbili, pasibaki kitu. Akawafikiria watoto wa vijiji vya juu watakaoingia chuoni mwaka ujao, ambao hawana bibi mwenye shamba, ambao wangesikia angalau sauti yake ikieleza kuhusu ndege, japo kwa saa nne. Hakujua kama hilo lilikuwa jambo jema au ni kisingizio cha pili katika siku moja. Alitia saini kwa ncha ya kidole, na saini ikatoka imepinda, haifanani na yake.

Chini ya saini palikuwa na nafasi moja ya mwisho, yenye mistari mitatu, na juu yake pameandikwa: Maoni ya mwakilishi wa wenyeji wa asili. Fomu ilikataa kwenda mpaka nafasi ile ijazwe. Umav aliitazama mpaka kioo cha simu kikajizima, akakigusa kikawaka, kikajizima tena. Ndani, Salizan aliita kwamba supu inapoa.

Akaandika: Hakuna.

Fomu ikaenda.